Mpito wa uongozi si siku ya makabidhiano

Kuna sentensi ambayo taarifa za asasi za kijamii haziishi kuirudia: "Shirika limekamilisha mpito wa uongozi kwa mafanikio." Chini yake kuna picha ya mkurugenzi anayeondoka akimpa mkono anayeingia, faili juu ya meza, wajumbe wa bodi wamejipanga nyuma. Ukitazama tarehe, mkurugenzi mpya amesaini mkataba wiki hiyo hiyo. Kilichokamilika hapo ni makabidhiano. Mpito wenyewe ndio kwanza unaanza kuuma.

Kwa ufupi, mpito wa uongozi ni kipindi chote ambacho shirika linaacha namna ya kufanya kazi lililoizoea chini ya kiongozi mmoja, mpaka litakapozoea namna nyingine chini ya mwingine. Huanza pale habari za kuondoka zinapojulikana, na mara nyingi kabla ya hapo, kwenye minong'ono. Huisha pale wafanyakazi, bodi, wafadhili na wananchi wanaohudumiwa wanapoacha kupima kila jambo kwa kusema "enzi za fulani isingekuwa hivi". Fasili ndiyo hiyo, haina zaidi.

Kinachochanganywa ni mpito na mabadiliko. William Bridges, Mmarekani aliyewahi kufundisha fasihi kabla ya kugeukia kazi ya kushauri taasisi, aliandika juu ya tofauti hii kuanzia mwaka 1980, na mpaka leo wanaoshughulika na uongozi wa asasi wanatumia mgawanyo wake. Mabadiliko, kwake, ni tukio linalotokea nje ya watu: mtu ameondoka, mwingine ameingia, ofisi imehama. Mpito ni safari ya ndani ambayo watu wanaipitia ili kulikubali tukio hilo. Akaigawa safari hiyo sehemu tatu, na mpangilio wake unashangaza kidogo ukiusikia mara ya kwanza, kwa kuwa unaanza na mwisho. Kwanza jambo la zamani linaisha na watu wanaachana nalo. Kisha kuna kipindi cha katikati, la zamani limekwisha na jipya halijashika. Mwanzo mpya ndio unaokuja wa mwisho.

Tofauti hii ina matokeo ya moja kwa moja. Mabadiliko yanaweza kupigiwa kura. Bodi ikikaa asubuhi, ikajadili, ikapitisha azimio, jioni shirika lina mkurugenzi mpya kisheria. Hakuna azimio linaloweza kumfanya mhasibu aache kumpigia simu mkurugenzi wa zamani kabla ya kuidhinisha hati ya malipo. Hakuna azimio linaloweza kumfanya afisa wa mradi aamini kwamba sasa anaruhusiwa kupinga wazo la mkubwa wake kikaoni, ikiwa kwa miaka yote iliyopita aliyethubutu kupinga alionekana msaliti. Mambo hayo yanakwenda kwa mwendo wake, na shirika linalojitangaza kuwa limemaliza mpito siku ya picha linajinyima ruhusa ya kuyashughulikia. Miezi minne baadaye watu wakianza kuondoka mmoja mmoja, bodi inasema mkurugenzi mpya hajui kuishi na watu. Huenda ni kweli. Huenda pia watu hao hawakupewa nafasi ya kumuaga wa kwanza.

Kosa la upande wa pili ni la wale wanaolitumia jina la mpito kama pazia. "Tuvumilie, tupo kwenye kipindi cha mpito," wanasema, wakimaanisha kwamba hakuna wa kuulizwa, taarifa kwa mfadhili itachelewa, na mkutano mkuu wa wanachama umeahirishwa hadi itakapotangazwa tena. Hilo ni ombwe, na ombwe halina kazi ndani yake. Kipindi cha katikati kina kazi nyingi mno. Watia saini wa akaunti ya benki wabadilishwe. Mikataba ya ruzuku isomwe upya, maana mingi ina kifungu kinachotaka mfadhili ajulishwe kiongozi mkuu wa mradi anapoondoka. Msajili apewe majina mapya. Nywila, funguo na nyaraka zilizokaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja zirudi ofisini. Juu ya hayo yote, huu ndio wakati ambao maswali yaliyokuwa mwiko yanaweza kuulizwa bila kumvunjia mtu heshima. Je, ule mradi tunaoupenda sana bado kuna anayeuhitaji? Kwa nini uamuzi wa aina fulani ulikuwa lazima upite kwa mtu mmoja? Akishaketi mkurugenzi mpya, maswali hayo hayo yataonekana kama kampeni dhidi ya aliyetangulia, au kama mtego kwa aliyeingia.

Kaimu na kiongozi wa mpito nao hutajwa kana kwamba ni mtu mmoja. Kaimu anashikilia nafasi isikae wazi. Mara nyingi anatoka ndani, anabaki na kazi zake za awali, na mara nyingi jicho lake liko kwenye kiti hicho hicho. Hakuna ubaya katika hilo. Kiongozi wa mpito anakuja akiwa na hadidu za rejea zake: kutuliza hali, kukagua afya ya shirika, kurekebisha yaliyolegea, na kumwandalia njia atakayekuja. Kwa kawaida inakubaliwa tangu mwanzo kwamba hataomba nafasi ya kudumu, na sababu iko wazi: anayewania kiti hawezi kuiambia bodi ukweli kuhusu bodi yenyewe. Shirika dogo lisilo na fedha za kumleta mtu kutoka nje linaweza kumpa mtu wa ndani jukumu hilo, ila limwambie waziwazi ni lipi kati ya hayo mawili analopewa, na limpunguzie mzigo wake wa kawaida. Kumpa kazi za kiongozi wa mpito, cheo cha kaimu na mshahara wa zamani ni uonevu, hata kama barua ya uteuzi imejaa shukrani.

Mpango wa kurithishana uongozi ni kitu kingine tena. Huo ni waraka unaopaswa kuwapo hata pale ambapo hakuna anayefikiria kuondoka. Unasema nani atashika nini ikiwa mkurugenzi ataugua ghafla, nani anaandaliwa, na bodi itafuata hatua gani. Utafiti uliofanywa Marekani na CompassPoint, shirika linalojenga uwezo wa asasi, pamoja na mfuko wa ufadhili wa Meyer Foundation, uliotolewa mwaka 2011 baada ya kuwahoji wakurugenzi watendaji zaidi ya 3,000, ulikuta asilimia 67 wakitarajia kuondoka ndani ya miaka mitano, huku mashirika yenye mpango wa kurithishana ulioandikwa yakiwa asilimia 17 tu. Watu wanajua kwamba wataondoka, ila hawaandiki.

Anapoondoka mwanzilishi, yote haya yanakuwa mazito zaidi, kwa kuwa katiba ilishonwa kwa vipimo vyake na wajumbe wengi wa bodi waliingia kwa mwaliko wake. Wengine huiita hali hiyo ugonjwa wa mwanzilishi. Sipendi jina hilo. Linambebesha mtu mmoja kosa ambalo nusu yake ni la bodi iliyoridhika kusinzia kwa muda wote ambao alikuwa anaitafutia fedha.

Halafu kuna mpango mkakati, na hapa ndipo bodi nyingi huharakisha. Kiongozi ametangaza kuondoka. Mara mtaalamu mwelekezi anaitwa, wadau wanakusanywa kwa siku mbili, dira na dhamira zinaandikwa upya, na mpango wa miaka mitano unazinduliwa kabla nafasi haijatangazwa. Nia ni kumpa anayekuja ramani. Anachokuta ni ahadi za watu wengine, bango kitita (jedwali la malengo, shughuli na vipimo vya mradi) ambalo hakushiriki kulichora na viashiria atakavyopimwa navyo. Kinyume chake pia kina madhara: bodi inayotafuta mkurugenzi bila kujua shirika linaelekea wapi itaishia kumtafuta mtu anayefanana na aliyeondoka, au aliye kinyume chake kabisa, kutegemea kama walimpenda.

Naona njia ya kati inafaa zaidi kwa asasi nyingi. Kabla ya kutangaza nafasi, ifanyike tathmini fupi na ya kweli: fedha zilizopo zitafika hadi lini, miradi gani inasimama, nini hakitabadilika hata akija nani. Hiyo inatosha kuandika tangazo la kazi. Mpango mkakati kamili usubiri hadi mkurugenzi mpya awe amepita msimu mzima wa kazi za shirika na kuona kwa macho yake. Henry Mintzberg, msomi wa Kanada wa masuala ya usimamizi, alieleza mwaka 1994 kwamba kupanga na kuwa na mkakati ni vitu viwili. Kupanga ni kuchambua na kugawanya kazi katika hatua, na mkakati unatokana na kuunganisha mambo ambayo watu wamejifunza wakiwa kazini. Kiongozi ambaye hajafika bado hana alichojifunza huko.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni ushirikiano na asasi nyingine za eneo hilo. Asasi ya kijamii mara chache hufanya kazi peke yake. Iko kwenye mtandao wa shule, zahanati, vikundi vya akina mama, ofisi za serikali za mitaa, nyumba za ibada. Mahusiano hayo hayamo kwenye mpango kazi. Yamo kwenye simu ya mkurugenzi. Hati ya makubaliano inasema asasi mbili zinashirikiana, lakini ukweli ni kwamba watu wawili wanaaminiana, na mmoja wao anaondoka. Faili la makabidhiano halina ukurasa wa kuaminiana. Kinachosaidia ni kumtembeza mrithi kwa washirika, na zaidi ya hapo kuhakikisha tangu mapema kwamba kila ushirikiano mkubwa una mtu wa pili ndani ya shirika anayehudhuria vikao na kujulikana kwa jina.

Uzito unaongezeka pale asasi hiyo ndiyo mratibu wa mtandao mzima. John Kania na Mark Kramer, washauri wa Marekani wa masuala ya kijamii, katika makala yao ya mwaka 2011 kuhusu juhudi za pamoja za kijamii, walitaja mambo matano yanayohitajika: ajenda moja, vipimo vya pamoja, shughuli zinazosaidiana, mawasiliano yasiyokatika, na asasi inayokuwa uti wa mgongo wa wengine. Uti wa mgongo ukiwa kwenye mpito, mtandao wote uko kwenye mpito, hata kama wakurugenzi wengine hawajahama viti vyao. Wana haki ya kuambiwa mapema, na si kwa mwaliko wa hafla ya kuaga.

Lugha ya "kupokezana kijiti" nayo imechangia mkanganyiko, kwa sababu watu wanafikiria ule mguso wa mikono miwili. Wanariadha wanajua zaidi. Katika mbio za kupokezana za mita 100 kwa watu wanne, eneo la kupokezana lina urefu wa mita 30, na ndani yake wote wawili wanakimbia. Kijiti kikipitishwa nje ya eneo hilo, timu inaondolewa.

Basi mwandishi wa taarifa ya asasi, kama kilichotokea ni kusaini na kupeana mikono, andika kwamba shirika limepata mkurugenzi mpya, au kwamba makabidhiano yamefanyika. Ni habari njema na inajitosheleza. Kama unataka kuutaja mpito, taja pia umefika wapi: nani anasaini hundi, ni washirika gani bado hawajatembelewa, na bodi itakaa lini kuangalia yaliyosalia.