Mafunzo ya uongozi na maendeleo ya kitaaluma katika makumbusho: maana yake

Katika makumbusho, mtu hupandishwa cheo mara nyingi kwa sababu anavijua vitu. Aliyetumia miaka mingi akichunguza vyungu, nguo za kale au mifupa ya wanyama huonekana ndiye anayestahili kukabidhiwa idara, na baadaye taasisi nzima. Akishakalia kiti hicho, badala ya vyungu anakutana na bajeti, zamu za walinzi, bodi inayodai taarifa na watumishi wawili wasiosemeshana. Mafunzo ya uongozi yapo kwa ajili ya pengo hilo baina ya kujua vitu na kuongoza watu.

Kwa maana yake hasa, mafunzo ya uongozi kwa watumishi wa makumbusho ni maandalizi ya makusudi yanayomwezesha mtumishi kupanga, kuamua na kusimamia watu na rasilimali kwa niaba ya taasisi inayotunza mali isiyo yake. Maendeleo ya kitaaluma ni dhana pana zaidi, kwa kuwa inahusu kujifunza kwa mtumishi yeyote katika muda wote wa ajira yake. Mlinzi wa ukumbi anayejifunza namna ya kumpokea mgeni asiyeona yumo ndani ya dhana hiyo sawasawa na mhifadhi anayejifunza kupima unyevu wa ghala. Dhana hizi mbili huchanganywa sana, na matokeo yake ni kwamba fedha za mafunzo huishia kwa wakuu peke yao.

Maneno “mali isiyo yake” ndiyo yanayoutenga uongozi wa makumbusho na ule wa duka au kiwanda. Tuseme tajiri mmoja analeta sanamu ya kale kama zawadi, lakini hati alizonazo hazielezi ilikotoka kabla haijafika mikononi mwake, na bodi inataka ipokelewe upesi ili ipambe ukumbi mpya. Mkuu wa makumbusho ana hakika kwamba sanamu ni halisi, ila utaalamu wake wa vitu unakomea hapo. Kinachobaki ni kuuliza nani aliimiliki zamani na ilitokaje nchini mwake, kumweleza mfadhili kwamba jibu litachelewa, na kuikatalia bodi bila kuivunjia heshima. Katika kozi iliyoandaliwa vizuri, tukio la namna hii huigizwa darasani, mshiriki mmoja akiwa mfadhili na mwingine mwenyekiti wa bodi. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba kanuni waliyoikariri vizuri ni ngumu kuitamka mbele ya mtu aliyekwisha kutoa fedha zake.

Wajibu wa kuwafunza watumishi haukuachwa kwa hiari ya wakuu. Kanuni za Maadili za Baraza la Kimataifa la Makumbusho (ICOM), zilizopitishwa mwaka 1986 huko Buenos Aires na kurekebishwa mwaka 2004, zinataka watumishi wapatiwe nafasi za kutosha za kujiendeleza. Kabla ya hapo, mwaka 1966, Chuo Kikuu cha Leicester nchini Uingereza kilikuwa kimeanzisha idara ya taaluma ya makumbusho, na baraza hilo lenyewe lina kamati maalumu inayoshughulikia mafunzo ya watumishi.

Hata hivyo, darasa la chuo ni njia moja tu, na kwa maoni yangu si yenye nguvu kuliko zote. ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi lenye makao Roma, liliendesha katika miaka ya 1990 programu ya PREMA, yaani mafunzo ya kukinga vitu visiharibike, kwa watumishi wa makumbusho ya Afrika, ambapo baadhi ya waliohitimu waligeuka kuwa wakufunzi wa wenzao. Shirika hilohilo lina utaratibu uitwao RE-ORG unaolifanya ghala lililovurugika kuwa darasa: washiriki huhesabu vitu, hupima rafu, hutafuta vilivyopoteza namba, kisha hupanga upya kwa pamoja. Kwa juujuu kazi hiyo ni ya mikono. Lakini ni lazima mtu aamue kipi kihamishwe kwanza, agawe kazi, na ajibu kitu kikivunjika, na huo ni uongozi unaofundishwa vumbi likiwa bado viganjani.

Kasoro ya kawaida ni kuhesabu vyeti. Mtumishi hupelekwa kozini wiki mbili, hurudi na cheti, na hukuta madaraka yaleyale yamefungiwa ofisini mwa mkuu wake. Anayetaka kujua kama mafunzo yamefanya kazi na atazame siku ya mapumziko mvua inapovuja juu ya kabati la maonesho: je, mtumishi wa zamu anaufunga ukumbi na kuvihamisha vitu mwenyewe, au anapiga simu kwa wakubwa watatu huku maji yakiendelea kudondoka?