Muziki wa ukumbini: tunavyodhani na yanayotokea

Nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi hapa Dar es Salaam. Chakula tunakijadili vikao vitatu, mapambo viwili, muziki tunaumaliza kwa sentensi moja: "DJ yupo, anajua kazi yake." Halafu siku yenyewe ikifika, muziki ndio unaoushika ukumbi kuanzia mlango unapofunguliwa hadi mgeni wa mwisho anapoaga.

Dhana: Wimbo ukiwa mtamu na ukataja mapenzi, unafaa harusini.

Ukweli: Usikilize mpaka mwisho, neno kwa neno. "Malaika" tunaupiga kwenye harusi miaka nenda rudi, na ni wimbo mzuri kweli. Lakini anayeimba ni kijana aliyeshindwa kumuoa ampendaye kwa sababu hana mali. Bwana harusi ametoka kumaliza mahari, na dansi lake la kwanza linamlilia aliyekosa. Ndivyo ilivyo pia kwa "I Will Always Love You". Dolly Parton aliutoa mwaka 1974 akiagana na Porter Wagoner, mwenzake wa kazi, na Whitney Houston akaurudia mwaka 1992. Ni wimbo wa mtu anayeondoka. Sasa wewe unaingia!

Bongo fleva nayo ichujwe. Maneno mengine yana mafumbo ambayo vijana wanayacheka, ila mkwe aliyeketi hatua tano kutoka kwa mkwewe hana pa kuweka uso. Mpe shangazi orodha asikilize kabla ya siku. Akinyamaza na kutazama pembeni, futa wimbo huo.

Dhana: Taarabu ni mipasho, italeta ugomvi.

Ukweli: Mipasho ni tawi moja tu, lililoshika kasi miaka ya 1990. Kule Zanzibar, kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kimekuwapo tangu mwaka 1905, na taarabu asilia ya udi, fidla na ganuni ni muziki wa kutulia. Mimi naiweka wakati wa chakula: watu wanakula pilau, wanazungumza, na anayejua mashairi anaitikia taratibu. Mipasho iacheni kwa usiku wa kina mama, ambako wote wanafahamiana. Kwenye ukumbi wa koo mbili ambazo hazijazoeana, mtu akiinuka kutunza, noti ikaelekezwa meza fulani, wanaokaa meza hiyo watalibeba jambo hilo hadi nyumbani.

Dhana: Sauti kubwa ndiyo shangwe.

Ukweli: Wataalamu wa usalama kazini wanasema sikio linahimili desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda huo hupungua nusu. Zikifika 100, ni dakika 15 tu. Sherehe zetu huchukua saa tano au sita, na kwa sababu nisiyoielewa meza ya bibi na babu hupangwa mbele ya spika. Wasogezeni nyuma.

Dhana: Wazee hawachezi, wapigieni vijana.

Ukweli: Wazee hawajapigiwa wimbo ukaisha. Rumba la Kikongo, ambalo UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021, huanza polepole kwa uimbaji, kisha magitaa yanachangamka: hapo ndipo sebene. DJ wengi vijana hupiga dakika mbili za mwanzo kisha wanakata, wakiona watu wamekaa. Wanakata pale pale mjomba anapovua koti! Niliwahi kumwomba DJ mmoja asiguse kitu mpaka sebene liishe. Mama mmoja aliyeingia akiegemea bega la mjukuu wake alisimama, akafunga khanga kiunoni, na ukumbi mzima ukamfuata. Zilipendwa ziwekwe mapema, mara baada ya chakula, kabla wazee hawajaanza kuulizia usafiri. Kwaito na singeli zitawakuta vijana wapo tu.

Dhana: Hakuna haja ya maandalizi, intaneti ipo.

Ukweli: Hili lilitokea kwenye harusi ya dada yangu. Mshereheshaji ametangaza, wapambe wamejipanga kwa madaha, mlango umefunguliwa, kamera zote zimeinuliwa. DJ akabonyeza wimbo moja kwa moja kutoka mtandaoni, na kilichotoka kwenye spika ni tangazo la sabuni ya kufulia. Dada alikuwa ameshanyanyua mguu wa kwanza. Alibaki mlangoni, ua mkononi, akinitazama mimi niliyekuwa nimeahidi kusimamia muziki.

Tangu hapo wimbo wa kuingilia nauweka kwenye flashi mbili, na tunaujaribu saa kumi jioni ukumbi ukiwa mtupu, mshereheshaji na DJ wakiwa wameshika ratiba moja. Siku ile wimbo ulipopatikana, nusu ya wageni walikuwa wameshakaa.