Je, wajua kwa nini mbege haisafiri?

Ukimwona mtu stendi ya Moshi amebeba kidumu cha mbege, tazama kifuniko. Kama ni mzoefu, amekilegeza. Akikikaza, kidumu kitavimba kabla ya kufika Dar es Salaam, na kikipasuka kitalowesha mizigo ya watu. Pombe hii ya Wachagga, inayopikwa kwa ndizi mbivu na ulezi, huwa bado inachacha ikiwa njiani. Ndiyo maana ni nadra kuikuta dukani kwenye chupa, ingawa wanywaji wake wametapakaa nchi nzima.

Mambo huanzia kwenye pipa. Ndizi zilizoiva hadi kulegea humenywa na kuchemshwa muda mrefu mpaka zibadilike rangi na kuwa nyekundu, kisha huachwa siku kadhaa ili zichachuke. Hiyo ndiyo nyalu. Kando yake kuna ulezi uliolowekwa ukaota, ukaanikwa juani, ukasagwa kuwa unga wa kimea. Kimea hupikwa uji, na magome ya msesewa hutumika kuleta ule uchungu unaobaki ulimini, kama hopsi zinavyofanya kwenye bia. Siku ya mwisho nyalu huchujwa, maji yake yakachanganywa na uji uliopoa. Kesho yake watu wanakunywa.

Kinachotokea usiku huo mmoja ni kikubwa. Nyalu huja na hamira ya asili pamoja na bakteria wa uchachu, ambao hakuna aliyewanunua. Wametoka hewani na kwenye vyombo vilivyopikiwa pombe mara nyingi. Uji nao huongeza chakula. Punje ya ulezi inapoota, vimeng'enya vyake huamka na kuanza kuvunja wanga kuwa sukari. Hamira hula sukari hiyo, ikatoa kilevi na gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ndiyo povu la kwenye kata na ndiyo inayovimbisha kidumu. Bakteria nao hawalali. Baadhi yao wakipata hewa ya kutosha hugeuza kilevi kuwa siki. Mbege tamu ya leo, ukiisubiri sana, itakuwa kali mpaka mnywaji akunje uso.

Sasa fikiria hesabu ya mama anayepika. Tangu kuivisha ndizi hadi kuchuja hupita wiki nzima au zaidi, na humo mna kuni, maji, gharama ya kusaga na usiku wa kukesha jikoni. Muda wa kuuza ni siku moja au mbili. Mvua ikinyesha siku ya gulio, au msiba ukiwapeleka wateja kijiji kingine, hasara yote ni yake. Kwa hiyo hupika kidogo, hupikia oda, na mnywaji anayejua kwamba kesho pombe itakuwa imeharibika ndiye mwenye nguvu ya kupanga bei. Kwangu mimi, hili ni kubwa kuliko ukosefu wa mtaji unaotajwa kila mara. Ukimpa mtaji mtu ambaye bidhaa yake hufa kesho, umemwongezea tu kiasi cha kumwaga.

Kwa nini basi isichemshwe ikafungwa? Inawezekana. Joto huua hamira na bakteria, uchachu ukakoma. Lakini povu nalo hukoma, na ladha huelekea kwenye uji uliopikwa mara mbili. Halafu kuna suala la macho: ulezi huzama, na chupa ya kioo huonyesha tope chini na maji juu. Mwenyeji hutikisa akanywa. Mgeni huirudisha akidhani imeoza.

Wengine wamelitatua hilo kwa njia zao. Chibuku, pombe nzito ya nafaka, huuzwa kwenye paketi usiyoweza kuona ndani, na mnywaji anajua kuitikisa kwanza. Mwaka 2012 Zimbabwe ilipata Chibuku Super, iliyouliwa hamira kwa joto na kutiwa gesi upya, nayo hukaa wiki kadhaa badala ya siku chache. Arusha kampuni ya Banana Investments imechukua njia nyingine kabisa: inatengeneza mvinyo wa ndizi ulio mwangavu, unaokaa kwenye chupa bila taabu. Ni kazi nzuri, ila hicho ni kinywaji kingine. Hakina ulezi, na bila ulezi hakuna mbege.

Kuna pia karatasi. Kuingia dukani kunahitaji alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na alama hiyo inataka pipa la leo lifanane na la mwezi jana. Kwa hamira inayotoka hewani, hilo ni gumu. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, hufundisha na kushauri wajasiriamali wadogo, lakini mpishi mmoja mmoja hawezi kumudu vipimo. Kikundi kinachopika kwa kipimo kimoja na kutunza mbegu yake ya nyalu, yaani kiasi kinachobakizwa kuchachusha pipa linalofuata, kinaweza. Na tusichanganye mambo: mbege haihusiani na gongo, ambayo hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, na imepigwa marufuku. Lawama za gongo zimewaangukia wapishi wa mbege kwa muda mrefu bila haki.

Naiona nafasi kubwa mahali ambapo wachache wanaangalia. Mbege haisafiri, lakini nusu zake zinasafiri. Unga wa kimea uliokauka vizuri hukaa miezi. Nyalu huvumilia siku nyingi kuliko mbege yenyewe. Ndizi husafirishwa kila siku. Wachagga walioko mbali na mlima Kilimanjaro hupika mbege hukohuko waliko kwa kuunganisha vitu hivyo. Mama wa Rombo au Kibosho anaweza kuuza kimea chenye jina lake, kilichopimwa na kuandikwa tarehe, akalala usingizi bila kuhofia kesho.

Nusu nyingine ya soko inakuja yenyewe. Marangu na Materuni hupokea watalii mwaka mzima, na Desemba familia nzima nzima hurudi nyumbani. Hao hawahitaji chupa. Wanahitaji kilabu safi chenye maji, choo na kata zilizooshwa. Wakiwa hapo wamezungukwa na kihamba, shamba la migomba, kahawa na miti kwa pamoja. Mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua kihamba cha kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mkulima anayeuza mkungu kwa mpishi wa mbege ana sababu ya kutong'oa mgomba wake. Msesewa unahitaji uangalifu huohuo: gome likibanduliwa kuuzunguka mti wote, mti hukauka, kwa hiyo wanaojua hubandua upande mmoja na kuuacha upone.