Msimu Ukishuka, Njoo Dirishani Kabla ya Tarehe

Kila mwaka Pasaka ikishapita na masika yakianza, hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu hupunguza wafanyakazi, na sisi wa dawati la mikopo katika chama cha ushirika wa akiba na mikopo hapa Mombasa huanza kupokea malalamiko. Safari hii yamezidi, na mengi ni ya namna mbili: mdhamini aliyekuta akiba yake imekatwa kwa deni la mwenzake, na mwanachama anayetukanwa kwa simu na wakopeshaji wa mtandaoni. Ukifuatilia, yote hutoka mahali pamoja: mtu alinyamaza pesa zilipopungua.

Sitakueleza jinsi ya kuandika matumizi kwenye daftari. Mama anayelisha watu sita kwa mbaazi asubuhi na dagaa usiku anajua hesabu kutushinda. Na wanaomlaumu kwa kununua mafuta ya kupima na maji ya mkokoteni mtungi mmoja mmoja wamwache. Anajua ni ghali. Pesa za jumla hana. Jikoni hakuna mengi ya kubana. Pa kubana ni kwenye madeni, na huko watu hawapendi kutazama.

Kwa aliyeajiriwa, anza na hati ya mshahara. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa 1,800 za NSSF (mfuko wa uzeeni), 825 za bima ya afya (asilimia 2.75) na 450 za tozo ya nyumba (asilimia 1.5). Ukiongeza kodi ya mapato, jumla inafika karibu 3,800. Halafu Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote pamoja, yakiwemo marejesho ya mikopo, yasizidi theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo ni lazima ubaki na angalau 10,000. Hapo ndipo mtu hukasirika dirishani: "Akiba yangu ninayo, mbona mwaninyima mkopo?" Hatukunyimi. Theluthi yako imefika, na mwajiri hawezi kukata zaidi hata ukimsihi.

Wakizuiwa hapo, wengi huenda kwenye mikopo ya simu. Tufanye hesabu. Mkopo wa 5,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 unakugharimu 375. Si nyingi. Lakini usipoweza kulipa ukawa unalipa ada tu na kusukuma deni mbele, baada ya miezi 5 umetoa 1,875 na zile 5,000 bado zinakungoja. Mkopo wa dharura wa ushirika kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, ungelipa 1,000 kila mwezi na riba yote ingekuwa 150, deni limekwisha. Wapo wenye programu nne, wanakopa hii kulipa ile. Huyo hakopi tena, anahamisha.

Pesa zikiwa hazitoshi, lipa kwanza kinachokuweka kazini na ndani ya nyumba: chakula, kodi, stima, nauli (feri ya Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu, matatu si bure). Mwenye nyumba akiambiwa tarehe 28 kwamba nusu itachelewa, mara nyingi mtasikizana. Akiambiwa tarehe 10 ya mwezi unaofuata, anakuja na kufuli. Mwenye duka hali kadhalika. Kisha lipa deni lenye wadhamini. Utasema navutia kwangu. Sawa, lakini deni hilo usipolilipa anaumia mtu mwingine, aghalabu jirani au shemeji, na hilo huharibu zaidi ya pesa.

Ukiona marejesho hayatawezekana, omba kupangiwa upya mkopo. Omba kabla ya tarehe ya malipo, si baada. Kwetu unaleta kitambulisho, hati za mshahara za miezi 3, au barua ya mwajiri kama umepewa likizo bila malipo. Mfanyabiashara huleta taarifa ya M-Pesa ya miezi 6. Unajaza fomu na kutaja kiasi unachoweza. Wadhamini wote hutia sahihi upya, kwa sababu walidhamini muda fulani na sasa muda unabadilika. Mmoja akikataa, unatafuta mwingine wa kushika nafasi yake. Fomu hupelekwa kwa kamati ya mikopo. Wakati unasubiri, lipa unachoweza, angalau riba, maana riba haisimami. Na uelewe kwamba muda ukirefushwa, marejesho ya mwezi hupungua lakini jumla ya riba huongezeka. Tunaeleza hivi kila siku, na kila siku yuko anayedhani kupangiwa upya ni kusamehewa.

Usipoomba na usipolipa, utaratibu ni huu: notisi kwako, nakala kwa wadhamini, kisha akiba yako inakatwa kufidia deni, na kinachobaki wanabebeshwa wadhamini. Mdhamini, tafadhali, usituambie "nilitia sahihi tu". Sahihi ndiyo dhamana yenyewe.

Kuhusu CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji, uvumi ni mwingi. Kubadilisha laini ya simu hakufuti deni. Rekodi inafuata nambari ya kitambulisho. Deni lililo chini ya shilingi 1,000 halipaswi kupelekwa huko kama deni baya. Mkopeshaji anatakiwa kukuarifu siku 30 kabla ya kukuorodhesha, na rekodi mbaya inaweza kubaki hadi miaka 5 tangu ulipomaliza kulipa. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka TransUnion, Metropol au Creditinfo. Anayekuambia atakusafisha kwa "kitu kidogo" anakuibia.

Wanaotukanwa nao wana sheria. Chini ya kanuni za mwaka 2022, mkopeshaji wa kidijitali ni lazima awe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na haruhusiwi kutisha, kutukana, kuwapigia watu walio kwenye simu yako bila idhini, wala kukuaibisha hadharani. Anayekopesha bila leseni anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5 au kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu; itazame kabla ya kukopa. Hifadhi jumbe za matusi, usizifute kwa hasira, kisha upeleke lalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data ikiwa majina ya jamaa zako yametumiwa. Lakini lalamiko halifuti deni halali. Utashinda kesi ya matusi na bado utadaiwa.

Maelezo haya ni ya jumla. Masharti ya mkataba wako ndiyo yatakayofuatwa. Fomu ya kupangiwa upya mkopo kwetu ni bure. Anayekudai pesa ili akupitishie, awe mfanyakazi wetu au mtu wa mlangoni, chukua jina lake utuletee.