Ardhi ya wote ina wenyewe

Barazani Lamu utasikia: ardhi ya jamii haina mwenyewe, kila mtu huchuma na hakuna anayetunza. Wazo hili halikutoka hewani. Nani hajaona kisima cha mtaa kilichojaa taka? Ila linachanganya ardhi isiyo na kanuni na ardhi yenye wenyewe wengi.

Chukua Törbel, kijiji cha milimani Uswisi. Kanuni yao ya 1517 ilimkataza mtu kupandisha malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Nyasi za mlimani ni za wote, lakini kipimo ni majani makavu yaliyo ghalani mwako. Hata jirani anaweza kukagua. Na jirani, tunamjua, hachoki kukagua.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema uamuzi wa kuuza ardhi iliyosajiliwa haushiki mpaka theluthi mbili ya wanajamii watu wazima waliosajiliwa waafiki. Ukiambiwa malisho fulani huko bara "hayana mwenyewe", nenda ofisi ya ardhi uulize yamesajiliwa kwa jina gani. Ardhi ya jamii ambayo bado haijasajiliwa, serikali ya kaunti huishikilia kwa amana tu.