Mvuvi wa ndoana aseme alivua wapi?

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Moshi, anayevua kwa ndoana mwishoni mwa juma, alinionyesha kwenye simu picha ya perege mnene aliyemshika kwa mikono miwili, akaniambia kwamba angenieleza kila kitu isipokuwa mahali. Sikuhitaji kuelezwa. Nyuma ya bega lake Kibo ilikuwa kushoto na Mawenzi kulia, kwa hiyo alisimama kusini mwa Mlima Kilimanjaro; maji yalikuwa mapana, ukingo mkavu, na hapakuwa na yale mafunjo yaliyolisonga Ziwa Jipe. Hilo lilikuwa bwawa la Nyumba ya Mungu.

Kazi yangu ni samaki wa maji baridi, na wavuvi huniuliza mara kwa mara kama ni uungwana kutaja mahali unaposimulia safari yako. Mimi husema: taja ziwa au bwawa, lakini ghuba ibaki kwako.

Jina la Nyumba ya Mungu si siri ya mtu. Bwawa hilo lilipojaa mwishoni mwa miaka ya 1960 samaki walifurika, habari zikaenea kwa mdomo tu, wavuvi wakamiminika kutoka mbali, na baada ya miaka michache mavuno yakashuka sana. (Lawama zote si za wavuvi, kwa kuwa bwawa jipya hulishwa kwa muda na majani na udongo uliozama, kisha rutuba ile huisha.) Tangu hapo limewahi kufungwa ili samaki wapumzike. Picha moja yenye jina lake haiongezi chochote.

Ghuba ni jambo jingine. Wakati wa kuzaliana perege dume huchimba shimo la mviringo kwenye maji mafupi, mara nyingi madume mengi yakiwa jirani. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani na kukaa nayo mpaka vifaranga waweze kuogelea. Dume halibanduki shimoni na hukishambulia chochote kinachosogea, chambo kikiwamo, ndiyo maana mtu aliyefika siku hizo hurudi akisema kwamba samaki walikuwa wanajileta wenyewe. Mshipi mmoja hauwamalizi. Nachelea watu thelathini watakaofuata alama ya ramani, na baada yao mwenye wavu wa kokoro, ambaye hukokota mashimo, vifaranga na majike yenye mayai kwa mkupuo mmoja.

Yapo maji ambayo hata jina la samaki ni ramani. Oreochromis hunteri, aina mojawapo ya perege, asili yake ni Ziwa Chala peke yake, tena yumo katika hatari kubwa ya kutoweka. Ukimtaja yeye umeshataja ziwa. Simu nayo husema: picha iliyopigwa huku huduma ya mahali ikiwa imewashwa huweza kubeba latitudo na longitudo ndani yake, na ingawa WhatsApp huziondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, ikitumwa kama faili huenda nazo.

Hata hivyo siungi mkono usiri wa moja kwa moja, na nina kinyongo changu. Kuna kijito cha mlimani nilichokuwa nikikifuatilia, ambacho kiangazi kimoja maji yake yote yaligeuziwa kwenye mifongo, yaani mifereji, ya mashamba, samaki wakafia kwenye madimbwi. Katika kikao cha kugawana maji hakuna aliyesema kwamba mle mlikuwa na samaki, kwa sababu waliojua walikuwa wamelificha jambo hilo kwa miaka. Mahali unapopaficha kwa wavuvi wenzako, paeleze kwa afisa uvuvi wa halmashauri au kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Wasomaji nao wape kilicho na faida: mwezi, saa, kina cha maji, chambo, urefu wa samaki, na kama ulimrudisha majini akiwa hai. Mvuvi makini atajifunza mengi kutokana na hayo kuliko kutokana na alama ya ramani.

Yule kijana aliniuliza kama aukate mlima kwenye picha. Nilimwambia auache, kwani Kibo inaonekana na kila mtu. Akate lile gogo lililotokeza majini upande wa kulia, ambalo anayelijua bwawa angelitambua mara moja.