Mzazi akifungwa, mtoto ni wa nani?

Nyanya mmoja wa Matondoni aliingia kituoni kwetu cha ushauri wa kisheria hapa Lamu, akaketi, akafungua fundo kwenye pindo la leso. Ndani mlikuwa na cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa mara nne, hata karatasi imeanza kukatika kwenye mikunjo. Ni cha mjukuu wake wa miaka sita. Mama wa mtoto ameshatangulia mbele ya haki. Baba yumo gerezani Hindi, ng'ambo bara katika kaunti yetu ya Lamu, kifungo cha miaka mitano. Mtaani nyanya ameambiwa hukumu ile imemvua mwanawe ubaba, na mtoto sasa ni wa serikali. "Mwanangu," akaniuliza, "watakuja kumtwaa lini?"

Hakuna anayekuja kumtwaa. Ila swali hili tunaletewa mara nyingi, na linawanyima watu usingizi bure.

Kwa sheria za Kenya, kufungwa peke yake hakumwondolei mtu haki wala majukumu ya mzazi. Ibara ya 51 ya Katiba ya 2010 inasema mfungwa hubaki na haki zake za msingi, ila zile ambazo ni wazi haziwezi kwenda pamoja na kuzuiliwa kwake. Kulala nyumba moja na mwanawe hakuwezekani. Lakini kusikizwa mtoto anapotafutiwa shule, au mtu anapoomba kumchukua moja kwa moja, ukuta wa gereza hauzuii. Ibara ya 53 nayo inampa mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama, wawe wameoana au la, na inataka maslahi yake yatangulie.

Mkanganyiko unaanzia kwenye Sheria ya Watoto ya 2022, inayomhesabu mtoto ambaye mzazi wake amefungwa miongoni mwa wanaohitaji matunzo na ulinzi. Watu husikia hayo wakadhani mtoto kanyang'anywa. Kumbe ni mlango wa afisa wa watoto kuja kuuliza: analala wapi, anakula nini, nani anampeleka shule? Nyanya akimudu, mtoto hubaki kwa nyanya. Kumkabidhi kisheria kwa mtu mwingine kunataka amri ya mahakama. Chifu hawezi kufanya hivyo kwa barua, wala ukoo kwa kikao.

Kwingine si hivyo: Marekani, sheria ya 1997 inayataka majimbo yafungue kesi ya kumwondolea mzazi haki zake mtoto akishakaa katika malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22, isipokuwa kwa sababu maalumu, kama vile akilelewa na jamaa. Haikutungiwa wafungwa, lakini mama mwenye kifungo cha miaka mitatu inamfikia kabla hajatoka. Naona hilo ni kosa kubwa. Hakimu aliyemfunga mtu kwa wizi hakupima malezi yake. Malezi yapimwe kivyake, kwa ushahidi wake. Aliyemdhuru mtoto mwenyewe, au aliyemuua mama yake, huyo simtetei. Mahakama imweke mbali.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika mji huu, ipo pia kafala, na Sheria ya Watoto inaitambua: jamaa anamlea mtoto, nasaba inabaki ya baba yake. Na binti akifikia kuolewa, baba aliye ndani anaweza kumpa mtu uwakala wa kumwozesha.

Kinachowatenga wazazi na watoto huku kwetu zaidi ni safari. Hadi 1984 gereza lilikuwa ndani ya Ngome, lile boma la kale katikati ya mji wa Lamu. Mtu alikwenda kwa miguu na kikapu chake. Sasa ni boti hadi Mokowe, kisha gari hadi Hindi, na wengi nauli huwashinda. Mzazi asiyeonekana huanza kusahauliwa, watu wakaanza kuamua mambo kana kwamba amekufa. Ndiyo maana tunahimiza barua na simu kupitia afisa wa ustawi wa gereza, na nakala za kila karatasi zihifadhiwe.

Yule nyanya alikuwa na fomu ya shule isiyojazwa, kwa kudhani hakuna wa kutia sahihi. Tulimwandikia barua, akaenda nayo Hindi siku ya kutembelea. Aliporudi fomu ilikuwa pale pale penye fundo la leso, jina la baba limeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake sahihi. Mjukuu alitaka kuishika mwenyewe hadi shuleni.